Sauti ya Mtu-Mjusi

Mchezo ule ulitoka ndani ya robota la viatu vya mitumba ambalo mama yangu alilifungua sokoni Kyela, miaka ile biashara ilipoachiwa huru na kila kitu kikaanza kuingia. Kilikuwa kitabu cha Kiingereza na dadu saba, moja ikiwa na nyuso ishirini. Tulikuwa vijana watatu pale Matema, tumemaliza shule, hatuna kazi. Binamu yangu, aliyetuzidi Kiingereza, akawa msimulizi: yeye alitueleza mapango na hatari zake. Sisi wawili tulichagua viumbe wa kuwaigiza. Mimi nikawa mbilikimo mchimba miamba. Rafiki yangu, Mkisi wa kijiji jirani cha Ikombe, akawa mtu-mjusi.

Mama yake alikuwa mfinyanzi. Alitufinyangia sanamu kwa udongo uliobaki, akazichoma pamoja na vyungu vyake.

"Mjusi huyu naye anakula wali?" alimtania mwanawe.

"Sufuria nzima, mama," akajibu kwa sauti ya kiumbe wake: ya chini, ya polepole, pumzi ikipita kwenye pengo la meno.

Sheria tuliyoiheshimu kuliko zote ilikuwa hii: hakuna kumsemea kiumbe wa mwenzako.

Kisha rafiki yangu akapanda boti ya mfanyabiashara wa mchele kwenda Karonga, ng'ambo Malawi, kwa ndugu zake. Karonga haikufika. Wengine walisema imezama. Wengine walisema vijana waliokuwamo wameunganisha hadi Afrika Kusini kutafuta kazi. Mama yake alikataa kuweka msiba. Kila siku alimpakulia, akaifunika sahani.

Miezi ikapita. Katika mchezo wetu mtu-mjusi alikuwa bado amesimama mbele pangoni, ndiye mwenye mwenge, nasi hatukuweza kusonga.

"Msemee wewe," binamu akaniambia alasiri moja ya mvua. "Mara moja tu. Atutoe humu, basi."

Nilikuwa nimemsikiliza rafiki yangu vizuri mno. Nilisema maneno manne: "Nifuateni. Hapa pana maji."

Kibarazani chungu kikapasuka. Mama yake alikuwa amekuja na mtumbwi wa vyungu, akapita kwetu kujikinga mvua.

"Umerudi, mwanangu?"

Akaingia. Akamtazama binamu, akanitazama mimi, akatazama pembe zote za chumba. Nikaanza kuomba radhi, hakutaka kusikia. Alikaa mkekani, akamwokota mjusi wa udongo, akaniwekea kiganjani.

"Mwulize," akasema. "Nimpakulie mpaka lini?"

Binamu alinitikisia kichwa. Nilimwona, na bado nikafungua mdomo.

"Usinipakulie tena, mama," nikasema kwa sauti ile ile.

"Ndaga, mwanangu." Alikuwa akimshukuru mtu ambaye si mimi.

Kesho yake kilio kilianza Ikombe. Nilikwenda, nikakaa na wanaume, nikala wali wa msiba. Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Sikujua. Mpaka leo sijui.

Boti za Malawi zinapotia nanga Itungi, husimama kando nikisikiliza abiria wakisalimiana na ndugu zao, nikitafuta ile pumzi kwenye pengo la meno. Nikiisikia, itanibidi nimpeleke Ikombe, kwa mama aliyekwisha kumlilia.