Mwaka Kavira Aliponipokonya Mvua

Sisi tuliokulia mtaa wa Hewa Bora wakati simu ilikuwa bado kitu cha kupigia tu, joto la mwezi wa kumi tulilijua kwa miguu. Ukitumwa chumvi bila kandambili ulirudi unarukaruka kutoka kivuli hadi kivuli kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Vumbi jekundu liliingia kwenye bukari, ugali wetu, kwenye masikio, hata ndani ya kabati lililofungwa. Malata juu ya nyumba yalilia ta! ta! mchana kutwa, utadhani kuna mtu anatembea juu. Na jioni, jua likishapunguza hasira, kila nyumba ilitoa viti nje ya lupango, ule ua wa nyumba, watu wakakaa kwenye upepo kidogo uliokuwepo, na mazungumzo yalikuwa ya jambo moja: mvua itakuja lini?

Wadogo zetu wa leo mkiwaambia kwamba mtaa mzima uliweza kukaa wiki nzima unazungumza habari ya mawingu, watawauliza kama hakukuwa na umeme. Umeme haukuwepo, ni kweli. Lakini hata ungekuwepo tungekaa nje, maana mvua ya kwanza ilikuwa mashindano, na mwenye mashindano alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa anatengeneza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na jua kali kwake lilikuwa biashara. Jirani yetu Papa Banza yeye alikuwa na matafari yake mabichi, yamepangwa nyuma ya nyumba yakingoja kuchomwa, na kila mwaka aliomba mvua ichelewe kidogo. Mama Numbi wa ng'ambo ya barabara alikuwa na shamba nje ya mji na mbegu ndani ya gunia, na yeye alitaka mvua jana. Basi wakikaa hao watatu, ulikuwa unasikia raha tupu.

“Mama Odile, weye unauzisha jua!” Papa Banza alikuwa anamwambia mama. Odile ndiye mimi. “Mungu akileta mvula utamuendea na deni.”

“Na weye unauzisha matope,” mama akamjibu. “Choma matafari yako, papa! Kila mwaka unangoja nini?”

Mashindano yalikuwa na sheria moja. Hukuruhusiwa kutaja tarehe. Mama alisema tarehe ni ya watu wa ofisi. Ulitakiwa kufunga mvua yako kwenye jambo la hapa hapa kwetu. Mama Numbi angesema, “Itakuya siku jogoo ya Banza italala kwa lupango yangu.” Papa Banza angesema, “Itakuya siku mwanamke wangu atakubali kwamba miye nilishema kweli,” watu wakacheka wakijua mwaka huo itakuwa ukame. Wakubwa kwa wadogo, kila mmoja alitaja lake mbele ya wote, na kisha tukangoja.

Zawadi yenyewe, mkiisikia mtacheka. Kiti. Mama alikuwa na kiti kifupi cha kamba za plastiki za kijani, kile alichokalia akichuja munkoyo, na mtu mwingine hakukigusa. Lakini baada ya mvua ya kwanza, inswa, wale kumbikumbi, wakitoka ardhini na mabawa yao na kujaa kwenye taa za mafuta, tulikuwa tunawakusanya, mama akawakaanga na chumvi bila mafuta, halafu mshindi akakaa kwenye kile kiti. Mama mwenyewe akachuchumaa mbele yake, akamlisha tonge la kwanza kwa mkono wake. Na tangu hapo hadi mvua ya mwaka mwingine, mama alimwita Mama ya mvula. Mwanaume akishinda, Papa ya mvula.

Mimi nilikitaka kile kiti kuliko nguo ya Krismasi. Mikono ya mama ilikuwa na kazi siku zote, kwenye sufuria, kwenye makaa, kwenye wadogo zangu waliokuja mmoja nyuma ya mwingine. Mkono uliokuwa unanilisha mimi ulikuwa umeshahamia kwao. Njia ya kuurudisha, kwa akili yangu ya utoto, ilikuwa mvua. Kila mwaka nilifunga mvua yangu kwenye jambo nililodhani lina akili sana, na kila mwaka nilibaki nimesimama nyuma ya kiti nikiangalia mdomo wa mtu mwingine ukifunguka.

Halafu akaja Kavira.

Familia yake ilitoka Kivu ya Kaskazini. Baba yake alileta maharage kwa malori, mama yake alishinda sokoni kwenye depo, na Kavira, wa umri wangu kabisa, akawa anashinda kwetu. Nilimpenda. Niliwekwa naye dawati moja, tuligawana mkate, alinifundisha kusuka. Lakini habari ya mvua alikuwa hajui kitu. Kwao mvua inanyesha karibu mwezi wowote, haingojwi na mtu. Siku za kwanza alimuuliza mama, “Mama, sasa mvua ya huku iko wapi? Imeibwa?” Mama alicheka hadi akashika ukuta. Na mimi nikaacha kucheka, maana mama hakuwa amenichekea hivyo tangu lini sijui.

Jioni ya kutaja ilipofika, mimi nilisema mvua itakuja siku Papa Banza atakapowasha tanuru lake. Niliona wakubwa wanatikisa kichwa kwa heshima. Kweli, kila mwaka mvua ilimkuta na kiberiti mkononi. Nilijiona nimeshakaa kwenye kiti.

Kavira akaulizwa. Alikuwa ameshika kikombe, midomo imebaki nyeupe ya munkoyo. Akasema, “Itakuja siku munkoyo itaisha mbele ya midi, mbele ya saa sita.”

“Huyu anafikiri tumbo tu!” akasema Mama Numbi, na watu wote wakacheka. Mimi nilicheka kuwapita.

Lakini wenzangu, fikirini. Munkoyo ya mama haikuwa inaisha kabla ya jua kuinama. Ili iishe kabla ya saa sita, joto lilitakiwa kuwa la ajabu. Na sisi wote tunajua joto la ajabu kwetu linaleta nini mchana. Sijui Kavira alilijua hilo au alikuwa na kiu tu. Mpaka leo akiulizwa anacheka.

Siku yenyewe, tangu asubuhi hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililolowa. Filimbi ya treni tuliisikia karibu, kana kwamba reli imepita nyuma ya choo chetu, na mama akasema upepo umegeuka. Watu wakaanza kuja na vidumu na vikombe. Waendesha baiskeli za makaa, mafundi, wanafunzi waliotoroka. Munkoyo ikashuka ndani ya ndoo nikiiona kwa macho yangu. Na Papa Banza wangu? Amelala kivulini, tanuru halina hata kuni.

Nikaamua. Mimi sitakunywa. Nilifikiri, kikombe changu kikibaki ndani ya ndoo, munkoyo haijaisha. Nilikaa pale mlangoni nikilinda ndoo kwa macho, ulimi umekauka kama kipande cha ngozi. Kavira alinywa kikombe, akaniambia, “Odile, kunywa basi,” nikasema sina kiu. Jasho lilinitoka hadi likaacha kutoka. Ndoo ikabaki na kidogo tu chini, na mama akainua kichwa akaniona.

“Odile. Midomo yako iko nakauka, ni nini?”

“Hapana, mama.”

“Hapana gani? Kuya hapa. Kunywa.”

“Mama, mi sitaki.”

“Weye! Utaanguka hapa, banashema Mama Odile anauzishia bantu na mutoto wake anakufa na kiu! Kunywa!”

Akainamisha ndoo, akamimina yote, hadi tone, akanishikia kikombe mdomoni kwa mkono wake. Nikanywa. Ilikuwa tamu, wenzangu, sijawahi kunywa kitu kitamu hivyo, na nilikuwa nalia ndani ya kikombe. Kanisani kengele ya saa sita ilikuwa haijalia.

Mchana mbingu ikawa nyeusi upande wa mlima wa mabaki ya madini, upepo ukainua vumbi na mifuko, halafu matone makubwa, moja, moja, kila tone likichimba shimo lake kwenye vumbi. Ile harufu! Nyinyi mnaijua, sina haja ya kuwaeleza. Tuliruka nusu uchi barabarani. Hakuna aliyetega beseni, maana mvua ya kwanza ni ya kuosha malata, maji yake yanashuka mekundu. Papa Banza alikuwa anakimbia na vipande vya plastiki kufunika matafari yake huku akitukana mawingu.

Na jioni Kavira alikaa kwenye kiti cha kijani. Mama akachuchumaa. Tonge la inswa likaingia. “Mama ya mvula,” mama akasema, na akampapasa shavu. Hiyo ya kupapasa shavu haikuwa kwenye sheria. Ilikuwa ya ziada.

Kuanzia hapo jina likamganda. Miaka iliyofuata wakashinda wengine, Mama Numbi, hata Papa Banza mara moja, lakini mama aliendelea kumwita Kavira Mama ya mvula. Hadi alipoolewa. Hadi alipokwenda Kanada.

Sasa tuna kikundi chetu cha WhatsApp, watu wa mtaa ule tuliotawanyika, na kazi yetu ni kuzungumza hali ya hewa na maisha. Papa Banza, yuko Likasi kwa mwanawe, anatuma picha ya mawingu kila asubuhi na kidole chake ndani ya picha. Mama Numbi alihamia shambani kwake kabisa, anaandika habari ya mahindi na ya magoti yake. Mwezi wa saba, sisi huku tumevaa makoti na tunagombania mbabula, jiko la kuotea moto, Kavira anatuma jua. Jua la saa tatu usiku! Watoto wake wanakula barafu tamu wamekaa kwenye majani ya kijani, na mama yangu anasikiliza sauti zake mara mbilimbili, simu imebanwa sikioni. “Mama ya mvula anashema kule iko joto,” ananipasha habari, mimi ambaye nimekaa naye chumba kimoja na niko kwenye kikundi hicho hicho. Nasema, “Ah, vizuri.” Nina ndoto nyingi na mimi, za kuona nchi, za kuwa na duka langu la vitambaa. Lakini nikisikia sauti ile ndoto zote zinapungua kimo.

Mwaka huu, joto lilipoanza, Papa Banza aliandika kwamba turudishe mashindano. Kila mtu akatuma sauti. Ilipofika zamu yangu nilikuwa nimechoka, nikasema kwa mzaha, kumbe si mzaha: “Itakuja siku mama ataniita mimi Kavira.”

Watu wakaweka vichwa vya kucheka. Mama labda hakuisikia, hasikilizi sauti zangu kwenye simu, mimi ananisikia bure.

Juma lililopita, mchana, nilikuwa ndani nashona. Vijana wa jirani wamesimama juani na simu mkononi, wanabishana kwamba mvua ni kesho, simu imesema ni kesho. Mbingu nyuma yao imekuwa nyeusi kama sufuria na hakuna aliyegeuza shingo. Upepo ukapiga mlango. Mama akapiga kelele kutoka uani:

“Kavira! Kavira, nguo! Toa nguo kwa kamba!”

Nikatoka mbio. Nilifika kwenye kamba na tone la kwanza likaniangukia mkononi. Nikasimama na shuka kifuani, nimeshinda, na nimeumia, vyote pamoja, sikujua nicheke au nilie. Mama akaniangalia. Akafunika mdomo. “Yo, mwana yangu,” akasema. Kumbe aliisikia ile sauti.

Alichukua simu akainua juu, chini ya malata, akarekodi mvua na kuituma. Muda si muda Kavira akajibu: “Nani ameshinda?”

“Odile,” mama akasema kwenye simu.

“Basi mumupe kiti! Na weye Odile, kaa muzuri, mi nasikia wivu, kweli. Huku mvua inanyesha hata huijui. Paa zao haziongei.”

Inswa walitoka wachache jioni, maana lupango letu karibu lote ni sementi siku hizi. Tulipata kiganja kimoja. Mama akakaanga, akatoa kile kiti, kamba za kijani zimebadilishwa nyeusi sehemu mbili. Nikakaa. Ni kifupi kuliko nilivyokumbuka, magoti yalinifika kidevuni. Mama akachuchumaa polepole, akashika mgongo, akanilisha. “Mama ya mvula,” akasema.

Nikageuka kutafuta nani amesimama nyuma yangu ananionea wivu. Hakuna mtu. Wadogo zangu wako kwao, majirani wapya wamejifungia nyuma ya kuta zao, wale vijana wanaangalia mvua kwenye simu. Zamani tulikuwa umati mzima na kiti kimoja, na mimi nililia kwa sababu sikukipata. Leo ningempa kiti hiki mtu yeyote ambaye angenirudisha pale nyuma yake, nimebanwa na watu, nanuka vumbi lililolowa, nimeshindwa.

“Mama,” nikamwambia, “mwaka unaokuja nataka nishindwe. Lakini viti vijae barabarani.”

Mama alicheka, akashika ukuta kama siku zile, akaokota inswa wa mwisho kwenye sahani akaniletea mdomoni.

“Kula kwanza, Kavira,” akasema, na safari hii alifanya kusudi.