Jiwe kwa Mkono Nisioweza Kuushika

Mama mkwe wangu alikuwa mfinyanzi. Aliishi katika kijiji kimoja cha Butiama, na kwa usafiri wa miaka ile kumfikia kutoka Musoma kulimaliza asubuhi nzima. Jiwe lake la kusugulia vyungu lilipasuka wakati ambapo sufuria zilikuwa zimetoweka madukani na watu waliokuwa wamekwisha kusahau chungu walikuwa wanakitafuta upya. Lilipasukia motoni. Alikuwa na desturi ya kulihifadhi ndani ya chungu kimojawapo kati ya vile vinavyosubiri kuchomwa, ili wajukuu wasilichezee; siku hiyo chungu kile kiliingia motoni na jiwe likiwamo. Alipofukua majivu alilikuta limekuwa vipande, vyeupe kama chumvi.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, yafaa nieleze. Chungu kikishafinyangwa na kupakwa maji ya udongo mwekundu, huachwa kikauke nusu, kisha husuguliwa kwa jiwe lililo laini kabisa mpaka ngozi yake ijifunge na kuanza kung'aa. Chungu kisichosuguliwa huvuja jasho, na mchuzi hunywewa na udongo kabla ya mlaji. Jiwe la mama mkwe lilikuwa la kwatzi, lile jiwe jeupe lililo gumu kama kioo, alilolirithi kwa bibi yake, na mikono ya wanawake wale wawili ndiyo iliyokuwa imelilainisha. Alijaribu kokoto za mtoni, nazo zikachanachana udongo. Baada ya miezi kadhaa alifunika udongo wake kwa majani ya mgomba na kusema kwamba imetosha, amezeeka.

Mke wangu aliporudi na habari hiyo hakuwa na utulivu. "Hajazeeka," alisema. "Amekosa jiwe. Akikaa bila kazi ndipo atazeeka."

Wakati huo mimi nilikuwa nimeanza, kwa kujifurahisha tu, kuyaviringisha mawe ili yalainike. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba jiwe gumu likizungushwa kwa muda mrefu ndani ya chombo, pamoja na maji, mawe wenzake na unga mkali, hupoteza pembe zake na hatimaye hung'aa kama kioo. Nilivutiwa na uvumilivu wa jambo lenyewe. Umeme wa mtaa wetu wa Mukendo ulikuja na kuondoka bila kuaga, kwa hiyo nilitumia cherehani ya miguu ya mke wangu, ambayo kichwa chake kilikuwa kimelala kabatini kwa kukosa kipuri. Nililaza kopo la rangi juu ya mabomba mawili yanayozunguka, nikalivika ndani kipande cha mpira wa tairi, nikapitisha mkanda kutoka gurudumu kubwa la cherehani hadi kwenye kiuno cha kopo. Miguu ilikanyaga, mikono ilibaki huru kusahihisha madaftari ya wanafunzi au kushika kitabu.

Nilijifunza mambo kwa mpangilio ambao mawe yenyewe yaliuchagua. Nilipokanyaga kwa kasi, yalibanwa ukutani mwa kopo na kuzunguka nalo bila kuporomoka. Nilipokanyaga polepole mno, yaliteleza chini kwa pamoja na kutulia. Mwendo unaofaa niliutambua kwa sikio: sauti ya mvua nyepesi juu ya bati, isiyokatika. Nilijifunza pia kwamba mchanga wa ziwani, nilioutegemea mwanzoni, haufai. Mchanga ule kwa sehemu kubwa ni kwatzi iliyosagika, na kitu hakiwezi kukikata kwa urahisi kitu cha ugumu ule ule. Nilikanyaga mwezi mzima, mchanga ukawa tope, mawe yakabaki na makunyanzi yake.

Maadamu sasa palikuwa na mtu aliyelihitaji jiwe, sikuweza tena kujifurahisha kwa mwendo huo. Nilikwenda kwa fundi wa magari pale Iringo, mtu mcheshi ambaye babu zake walitoka sehemu tatu tofauti na aliyejua kutania kwa lugha zote za sehemu hizo. Nilimwomba dawa ya kusagia vali za injini, kwa kuwa ndani yake mna unga mkali.

"Mwalimu, umenunua gari?"

"Hapana."

"Sasa dawa utaipaka wapi?"

"Nasaga mawe."

Aliweka spana chini. "Ya Buhemba?" aliuliza kwa sauti ndogo, maana Buhemba ndiko kwenye dhahabu.

"Ya mtoni. Meupe tu, hayana kitu ndani."

"Watu wanasagaga mawe wakitafuta kitu ndani. Wewe unasaga ili libaki jiwe."

"Libaki jiwe laini."

"Haya. Na mimi nilikuwaga nadhani walimu mna kazi nyingi."

Nilipomweleza kwamba jiwe ni la mfinyanzi, uso wake ulibadilika. Alichukua kopo dogo lenye vifuniko viwili, alilolipata kwa fundi mwenzake wa Bunda: upande mmoja dawa yenye chenga, upande wa pili iliyo laini. Alinichotea pande zote mbili, akasema, "Mwambie huyo mama kwamba gereji yetu haina mtungi wa maji. Asitusahau."

Dawa ile ilikuwa na grisi, nikaiosha kwa mafuta ya taa kidogo na maji ya majivu mpaka ukabaki unga mtupu, wa kijivu, unaowasha vidole. Siku chache baada ya kuutia koponi, maji yalikuwa meupe kama maziwa. Jiwe lilikuwa linalika kweli.

Hapo ndipo lilipozuka swali la umbo. Jiwe la kusugulia si pambo. Lazima likae baina ya kidole gumba na vidole viwili vya mwanzo bila kuchosha kifundo. Ningekuwa ninamtengenezea mtu mwingine yeyote, ningeutazama mkono wake au ningempa mawe kadhaa ayapime mbele yangu. Lakini kwetu mkwe wa kiume hamshiki mkono mama wa mkewe, hali naye, hampokezi kitu mkono kwa mkono, wala hamkazii macho. Hata maneno hupitia kwa mtu wa tatu, ingawa wote watatu mwaweza kuwa mmeketi mahali pa kusikilizana vizuri. Ni heshima, na kwa kweli sikuwahi kuiona kuwa mzigo hadi siku nilipohitaji kujua upana wa kidole gumba cha mama yule.

Mke wangu alilitatua. Alikwenda Butiama akarudi na donge la udongo mbichi lililofungwa ndani ya jani, ambalo mama yake alikuwa amelikamata kama anavyokamata jiwe lake na kuliachia. Shimo la gumba, mashimo mawili ya vidole, na tumbo la mviringo lililobaki katikati: mkono mzima ulikuwapo pale. Nililiweka juu ya rafu ya vitabu.

Nilitia koponi mawe ya ukubwa mbalimbali, kwa kuwa makubwa huyasaidia madogo kusugulika. Kila nilipofungua kuosha, niliyapima moja baada ya jingine juu ya donge. Nikahamia kwenye unga laini. Mawe yakawa mororo kama sabuni iliyotumika, lakini yalikuwa mafu, hayana nuru, na mfinyanzi anahitaji jiwe lenye nuru, kwa maana nuru ndiyo dalili kwamba hakuna mkwaruzo uliobaki. Sikuwa na unga wa kumalizia, na Musoma yote haikuwa nao. Nilijaribu dawa ya meno, kisha majivu ya pumba. Hapakuwa na mabadiliko.

"Mama anang'arisha chungu kwa udongo mwekundu," alisema mke wangu, akinitazama ninavyokanyaga. "Wewe kwa nini usiling'arishe jiwe kwa huo huo?"

Nilitaka kumjibu kwamba udongo hauwezi kulishinda jiwe. Kisha nikakumbuka kwamba unga mwekundu wanaotumia masonara ni kutu ya chuma, na wekundu wa udongo ule unatokana na kutu hiyo hiyo. Aliniletea kikapu kidogo kutoka kwao. Niliukoroga katika ndoo, nikangoja chenga zituame, nikamimina maji mekundu katika ndoo ya pili, nikangoja tena. Kile kilichotuama mwisho kilikuwa laini kiasi cha kutosikika kati ya vidole. Nilikitia koponi pamoja na vipande vya ngozi kutoka kwa mshona viatu. Sauti ya mvua ikawa mnong'ono. Nilisoma kitabu kimoja kinene hadi mwisho, nikakianza tena, na nilipofungua kopo na kuyasuuza mawe, dirisha la chumba lilionekana ndani ya kila moja.

Nililichagua lile lililolingana sawasawa na donge. Mke wangu alilipeleka, nami nikabaki Musoma nikiwa na furaha isiyolingana na ukubwa wa kitu chenyewe.

Alirudi akiwa anajizuia kucheka.

"Amesema jiwe ni zuri, na amesema apewe mjukuu wake mdogo."

"Kwa nini?"

"Ni dogo. Linapotea mkononi."

Nililichukua donge kutoka rafuni. Lilikuwa kavu, gumu, lenye nyufa nyembamba, na ni kweli lilikuwa limepungua. Udongo ukikauka hujikunja. Mama mkwe, aliyeishi na jambo hilo maisha yake yote na kufinyanga kila chungu kikubwa kidogo kuliko anavyokitaka, hakulifikiria, kwa sababu alidhani nitalichonga jiwe siku hiyo hiyo udongo ukiwa mbichi. Mimi sikulifikiria kwa sababu sikuwahi kutazama donge likikauka. Wakati wote mawe yalipokuwa yanazunguka, kipimo kilikuwa kinanywea kimya kimya juu ya vitabu.

Lakini koponi yalikuwamo yale makubwa yaliyoyasindikiza madogo. Nilimuuliza mke wangu chungu cha mama yake hupungua kiasi gani. Alinionyesha kwa kidole chake, robo ya ukucha kwa kila upana wa kiganja, na kwa hesabu hiyo nililipata moja. Lilikuwa na ukungu ubavuni. Nilirudi kwenye cherehani na udongo mwekundu mpaka ukungu ulipotoka.

Safari hii tulikwenda pamoja. Mke wangu alilichukua jiwe hadi uani; mimi niliketi upande wa pili wa ukuta wa nyumba, mahali pa mkwe, nikiwa nimetengewa kigoda na uji. Niliwasikia wakifunua majani ya mgomba. Kisha ikaja sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia: mlio mfupi mwembamba wa jiwe juu ya udongo, unaokwenda na kurudi. Ulisimama. Uliendelea.

"Mwambie mume wako," mama mkwe alisema nyuma ya ukuta, "hili linateleza kama kambare. Karibu linikimbie."

"Mama anasema linateleza," mke wangu alinipitishia.

"Mwulize kama linachana."

"Anauliza kama linachana."

"Mwambie halichani." Mlio ulirejea, mrefu zaidi. "Tena mwambie chakula cha mchana kitachelewa. Nina vyungu viwili hapa vimeanza kukauka."

"Mwambie asiharakishe," nilisema.

Mke wangu hakulipeleka neno hilo. Alikuwa ameketi kumshikia mama yake chungu, na jiwe lilikuwa linafanya kazi. Tulikula jua likiwa limekwisha kuinama.