Kasha la Ufugaji wa Kuku

Duka langu la sidii lilikufa polepole, na kila aliyepita mlangoni alikuwa na neno lake. "Ala, bado mnauza hivi vitu?" Watu waliokuwa wakinigongea asubuhi ya Idi, wanataka filamu mpya ya Kihindi kabla jirani hajaipata, ndio hao hao waliokuja kunipita wakitazama simu, masikioni wametia nyaya. Salamu yenyewe wakinitupia bila kuinua kichwa. Mimi si hodari wa kusahau. Nawajua wote, na nyumba zao nazijua.

Supamaketi ya mjini Malindi ilitangulia. Zamani rafu ya sidii ilikuwa karibu na mlango, mtu haingii asiione. Baadaye ikasogezwa nyuma, jirani na ndoo na mafagio. Kisha rafu ikaondolewa, sidii zikamwagwa kwenye kikapu ujichagulie mwenyewe, kama viazi vilivyoanza kuchipua. Siku moja nikaenda nikakuta hata kikapu hakipo. Nikamuuliza msichana wa pale, naye akaniuliza, "Sidii za nini, mama?" Nikanunua sabuni nikarudi zangu. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilidhani wateja wao sasa watakuja kwangu. Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, lakini mimi nilikaa na nywele zangu kavu, nasubiri wateja.

Wateja hawakuja. Vijana walikuja na flashi ndogo kama ukucha, wananiuliza kama naweza kuwajazia filamu humo. Baadaye hata flashi waliiacha, wakawa wananunua bando tu. Nikaanza kuuza kava za simu upande mmoja wa duka, upande ule uliokuwa wa filamu za Kihindi. Nilijichukia kila nilipoziuza, na bado naziuza.

Lakini filamu hazikuwa kazi niliyojivunia. Kazi yangu hasa ilikuwa harusi za wanawake.

Kwetu, siku ya kupamba, ukumbi ni wa wanawake peke yao. Mabuibui huvuliwa mlangoni, nywele hufunguliwa, dhahabu hutolewa nje, na mama wa watu ambaye barabarani humuoni ila macho huingia kati akacheza mpaka akatota jasho. Mwanamume hakanyagi pale. Mpiga picha, basi, lazima awe mwanamke, na mji mzima ulijua mwanamke mwenye kamera ni mimi. Mlangoni walisimama kina mama wawili wa kupokonya simu, na hawakuwa na mchezo. Nimewaona wakimpokonya mke wa mheshimiwa.

Nilikuwa na utaratibu wangu, na hakuna mama aliyenipa binti yake kabla ya kuusikia. Nikishamaliza kazi natoa sidii mbili, moja ya bibi harusi na moja ya mamake. Kisha mama mwenyewe anakuja dukani, anafunga mlango, na kanda ya kamera naifuta mbele ya macho yake. Hakibaki kitu kwangu. Kwa sababu hiyo niliaminiwa kuanzia Malindi mpaka Kilifi, na uaminifu ule sikuuazima kwa mtu.

Lilibaki tatizo moja, nalo ni wanaume wa nyumbani. Sidii ikiwa juu ya runinga, kijana anarudi na rafiki zake, anaitia kwenye deki aone ni nini. Dawa yake waliipata kina mama wenyewe. Kulikuwa na mradi fulani wa kilimo ulioniachia katoni nzima ya sidii za mafunzo ya kufuga kuku. Nadhani niliuza mbili. Kwenye kasha palikuwa na picha ya jogoo mwekundu ametuna kifua. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sidii ya binti yake alimwona yule jogoo akacheka. "Nitilie humu," akasema. "Wanaume wangu mimi, kuku wanamjua akiwa kwenye sahani."

Habari ikaenea kama habari zote za harusi. Wakawa wanakuja wananiambia kwa sauti ya chini, "Nitilie kwenye kuku." Natoa mafunzo naweka kando, naingiza sidii nyeupe isiyo na maandishi, nafunga. Majumba ya watu wazito mjini humu, wasio na hata banda, yalikuwa na sidii ya ufugaji wa kuku kabatini, na hakuna mwanamume aliyewahi kuuliza. Tulikuwa tukicheka sana.

Sasa nije kwa yule binti.

Alikuja wiki niliyokuwa nang'oa rafu za mwisho. Sherehe yake ya kupamba niliipiga picha mimi, na sasa ana watoto wa shule na anakaa Kilifi. Mamake alikuwa amefariki, na arobaini ilikuwa imepita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

"Tushapoa. Shangazi, ile sidii yangu ya kupamba. Nakala yangu watoto waliichezea, haisomi tena. Ile ya mama nimeitafuta kabatini mwake siioni. Nikasema labda wewe umebakiwa na kanda."

"Mamako alisimama papo hapo ulipo," nikamwambia. "Niliifuta akiona. Tena aliniambia nifute mpaka mwisho, nisimbakizie hata nukta."

Akakaa juu ya katoni. Ndipo akanieleza jambo ambalo tangu hapo silali nalo vizuri. Mamake hakupenda picha. Maishani mwake alipigwa moja, ya kitambulisho, na humo amenuna kama aliyeshtakiwa. Mahali pekee duniani alipokuwa akicheka, anacheza, amefungua nywele, ni kwenye ile sidii.

"Na wewe ulikuwepo," nikasema, nikidhani namliwaza.

"Nilikuwa bibi harusi, shangazi. Somo wangu, yule kungwi aliyekaa ubavuni pangu, alinifinya kila nilipotaka kuinua macho. Niliona mikeka na miguu ya watu. Na sidii nilipoitazama, nilikuwa najitazama mimi. Rangi ya midomo, hina, nguo. Mama akitokea nasongeza mbele. Sasa watoto wangu wananiuliza bibi alikuwaje, sina la kuwaonyesha ila kile kitambulisho. Hebu niambie wewe. Alichezaje?"

Nikamwambia alicheza vizuri. Lakini mama wote wa maharusi hucheza vizuri. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera nahangaika na taa na watoto wanaopita mbele yangu, na baada ya harusi zote zile nyuso zimeingiliana. Aliona kwamba sikumbuki. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Nikamuuliza sidii ya mamake ilikuwa kwenye kasha gani. Hakujua. Mimi nilijua, nikamwambia habari ya kuku. Tukampigia simu kakake, ambaye ndiye aliyeisafisha nyumba ya marehemu, akaja dukani na gari lake. Ni mtu mpole, wa msikitini, hana makuu.

"Sidii za mama?" akasema. "Za mawaidha zipo zote, nimeziweka. Nyingine ilikuwa ya kufuga kuku tu. Hiyo nilimpa yule mzee wa kijiji cha Adu aliyekuwa akimletea mama kuku wa kienyeji. Nikampa na deki, maana kwetu nani anatumia deki siku hizi? Nikaona itamfaa."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mji mzima huu, wanaume wote hawa, sidii ile ilikwenda kwa mtu mmoja tu aliyekuwa na haja ya kweli ya kujua habari za kuku. Kisha dada mtu akamweleza mle ndani mlikuwa na nini, na kakake akaketi sakafuni pale kwenye vumbi la rafu, na kanzu yake nyeupe.

Asubuhi yake tukaenda Adu sisi watatu. Tulishika njia ya Marereni, tukapita wafanyakazi wa chumvi wakikokota mikokoteni yao, kisha tukaiacha lami. Kaka mtu aliendesha gari. Mimi nilikuwa nimepakata deki yangu mwenyewe, ya mwisho dukani, nimeifunga kwa leso, kwa sababu sikuziamini deki za watu. Binti alikuwa na furaha. Sidii ilikuwa na mwenyewe, mwenyewe anajulikana, shamba linajulikana. Njia nzima alikuwa akiniuliza kama naweza kuitia kwenye simu, na mimi, niliyekuwa nimezitukana simu miaka yote hii, nilimwambia naweza, tena nitamfanyia bure.

Tulimkuta mzee uani anatengeneza kizimba. Ni Mgiriama, mtu mzima wa mvi, mwenye adabu ya kizamani. Alituondolea kuku kwenye viti, akamwita mkewe alete maji, akatupa pole ya msiba kwa maneno marefu na mazuri. Marehemu alimheshimu sana, akasema. Hakuwahi kumrudisha na kuku wake hata siku moja.

Kaka mtu akauliza habari ya sidii.

Mzee akaweka nyundo chini. Akamwambia mkewe jambo kwa Kigiriama, mkewe akaingia ndani. Kisha akasema, akiwa ameelekeza macho kwenye kizimba, "Bwana mdogo, nilijua utakuja. Nimekaa na jambo hili, sikujua nikuanzie wapi."

Alikuwa amewaita majirani zake. Ana paneli ya sola na runinga ndogo, na wanaume wa pale walikuja na viti vyao kujifunza dawa ya kideri, ugonjwa uliokuwa umewamalizia kuku mwaka ule. Wakaketi. Akabonyeza. Badala ya kuku wakatokea wanawake.

"Niliona nywele, nikajua," akasema. "Mimi nimeuza kuku kwenu miaka mingi, najua hamfungui nywele ovyo. Nikasimama mbele ya runinga, nikaifunika kwa shati langu. Nikawaambia wenzangu tokeni, tokeni nje, haya si yetu. Wengine walicheka. Sikujali. Niliizima nikiwa nimeipa mgongo."

"Ahsante, mzee," kaka mtu akasema. "Na sasa iko wapi?"

"Niliitia motoni."

Mzee akafikiri hatujaelewa, akatufafanulia kwa upole. Angeirudisha, akasema, lakini angeirudishaje? Amwendee kijana aliyefiwa amwambie, nimewaona mama zako? Na kuiacha ndani asingeweza, ana wajukuu, ana majirani waliokuwa wameanza kuulizia ile filamu ya kuku inaendelea lini. Akaona heshima ya marehemu ni jivu. Alingoja mpaka ikaisha kuungua yote, ikinuka nyumba nzima, ndipo akaondoka jikoni.

Nilitaka kumkasirikia mtu. Ndiyo kawaida yangu, na siku ile nilikuwa na hasira ya kutosha ukoo mzima. Nilimtazama yule mzee nikatafuta pa kumshikia, nisipate. Alifanya yale ambayo sisi wenyewe, mlangoni pa ukumbi, tungemwomba ayafanye. Siku hizi mabinti wetu wanarusha kupamba moja kwa moja kwenye simu zao, mama zao wakiwa nyuma wanacheza, na watu wasiowajua wanatia maoni chini. Hao ndio watakaokuwa na mama zao. Tuliofunga milango, tukafuta kanda, tukaficha sidii kwenye kuku, tumebaki na heshima.

Binti aliinuka kwenye kiti, akaenda akachuchumaa mbele ya mzee, karibu kuliko ambavyo mwanamke wa kwao humkaribia mwanamume asiye wake. Kakake alimwita kwa jina. Hakugeuka.

"Baba," akasema, "kulikuwa na mwanamke mrefu. Ana kidoti hapa, juu ya mdomo. Mama yangu. Kabla hujaizima, ulimwona?"

Mzee akashtuka. Akadhani anatuhumiwa. Akainua mkono wa kulia, ule uliokuwa na misumari bado.

"Mwanangu, naapa kwa Mungu. Sikuangalia. Nilipoona nywele tu niligeuza uso. Sikumwona mamako wala mama wa mtu."

"Mungu akulipe kheri, mzee," akasema kakake nyuma yetu, na sauti yake ilikuwa imejaa shukrani.

Binti akamshika mzee ule mkono, pamoja na misumari yake, akaanza kulia.

"Ungeangalia," akasema. "Ungeangalia tu, baba. Hata kidogo."