Kamba ya Mzee Kumaji

Mzee Kumaji ni mtu wa kisirani, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Ana miaka themanini na minne, anaishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho chini ya Mlima Tobiiwa, na tangu mkewe afariki hajakubali mtu amfulie hata soksi. Ujana wake wote alitengeneza injini za boti, uzee ukamkuta shambani kwenye machenza. Lakini muulize yeye ni nani, hatakutajia injini wala machenza. Atakwambia, "Mimi ndiye msokota kamba."

Kamba yenyewe ni ya mabua ya mpunga, nene kama paja la mtu. Kila Desemba hupandishwa kileleni, ikafungwa mbele ya kijumba cha mungu wa mlima, na ile ya mwaka uliopita ikashushwa. Enzi za baba yangu vijana waligombea kuibeba mpaka wakapigana. Sasa kitongoji kizima tumebaki nyumba tano, na wabebaji ni wawili: mimi Tokie, miaka sabini na moja, na wifi yangu Shizue, mjane wa kaka yangu, aliye mdogo kwangu kwa miaka miwili na hakosi kunikumbusha.

Mwaka huu nilikuwa nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Goti langu la kulia lilianza kuvimba tangu mvua za Juni, na nilishaamua: hii ndiyo mara ya mwisho, nitamwambia Mzee Kumaji leo leo, na akininunia aninunie. Shida ni kwamba nimeamua hivyo miaka mitatu mfululizo, na kila nikisimama mbele yake ulimi unakuwa mzito. Mtu anaanza kusokota tangu mavuno ya mpunga, utamwambiaje hutaki?

Tulimkuta barazani, kamba keshaifunga kwenye kitambaa cheupe.

"Mmechelewa, wasichana."

"Wasichana wa wapi?" Shizue akamjibu. "Huyu mwenzangu anatembea kama kaa."

"Kaa anafika."

"Anafika kwa ubavu, Mzee."

"Msiifungue mpaka juu," akasema. Safari hii hakucheka.

"Tunajua, Mzee. Tunajua!"

Tobiiwa si mlima mrefu, ila umesimama wima kutoka baharini, na nusu ya juu ni mwamba mtupu. Unapanda kwa kushika minyororo iliyopigiliwa kwenye jiwe, mguu mmoja, mwingine, huku upepo wa magharibi unakuvuta sketi. Kamba tuliibeba mgongoni kwa zamu. Zamu yangu ilikuja pabaya, kama kila mwaka.

"Kaa kidogo, wifi," Shizue akaniambia.

"Nikikaa siinuki."

"Basi nikuache hapa uwe mungu wa pili. Nitakuletea chenza Jumapili."

"Pita huko! Vuta mnyororo, acha maneno."

Kileleni tuliwakuta vijana wawili wa Tokyo, mke na mume, na fimbo zao za kupandia. Walikuwa wanapiga picha kila upande: ghuba yote bluu chini yetu, na ng'ambo yake Mlima Fuji na theluji mpaka mabegani. Yule binti akanigeukia, macho yanang'aa. "Bibi, mna bahati kuishi hapa!" Bahati! Mimi natafuta pumzi, goti linawaka moto, ananiambia bahati. Nikamwambia asante, mwanangu, kwa sababu nimelelewa vizuri.

Walipoondoka tukaifungua kamba. Shizue akaipapasa, akatenganisha mabua.

"Njoo uone hii."

Katikati ya mabua kulikuwa na uzi wa nailoni. Nikauvuta, ukaja, mrefu, mweupe. Mzee Kumaji huyu huyu, ambaye aliwahi kumfukuza mtu barazani kwake kwa kutaja nailoni tu!

"Ni ya dukani," nikasema, maana kamba za kiwandani ndizo hutiwa uzi huo.

Tukaikimbilia ile ya mwaka jana, tukaishusha, tukaipasua. Uzi ule ule, umepauka kwa jua.

"Na mwaka jana tulimsifia!" Shizue akapiga makofi kwa hasira. "Ulimwambia mkono wake haujazeeka!"

"Wewe ndiye uliyesema."

"Sote tulisema. Lo, ametufanya wajinga!"

Ile mpya tuliifunga hivyo hivyo, maana mungu wa mlima hana kosa. Tukainama, tukapiga makofi mawili ya sala, tukaanza kushuka. Kushuka ndiko kunakoua magoti. Kila mnyororo nilioushika niliongeza neno moja la kumwambia yule mzee, na nilipofika chini nilikuwa na hotuba.

Alikuwa ametuwekea chai ya moto na machenza. "Imekaa vizuri?"

Nikaitupa ile kamba kuukuu mbele yake, nikachomoa uzi. "Hii nini, Mzee?"

Alinyoosha mikono yake miwili juu ya meza. Vidole vilikuwa vimepinda, vimevimba kwenye viungo, na alipojaribu kukunja ngumi havikukunjika. "Huu mwaka wa tatu," akasema.

"Si ungesema! Tungeacha wote! Unajua mimi nimepandaje huo mlima? Nimepanda kwa ajili yako!"

"Najua. Ndiyo maana sikusema."

"Haya maneno gani sasa?"

"Tokie, yule mwanangu wa kiume aliniwekea sharti. Kamba ikikoma tu, nahamia kwake mjini Nagoya, ghorofa ya kumi na moja. Nilikaa kule wiki moja. Dirisha halifunguki." Akaanza kumenya chenza, akashindwa hata na ganda, akaliweka. "Lakini mmechoka, naona kwa macho yangu. Si haki. Jioni nitampigia simu aje anichukue."

Shizue aliniangalia. Goti ni langu, na neno lilikuwa langu. Machozi yakanitoka, na nisidanganye, yalikuwa ya hasira: miaka mitatu natafuta mlango wa kutokea, leo umefunguliwa wazi, na mimi ndiye wa kuufunga. Nikavua viatu, nikaketi naye mezani. Nikalichukua lile chenza, nikalimenya, nikampa nusu.

"Mwaka kesho," nikamwambia, "nunua nyembamba. Hii nzito mno."