Mchuzi wa Nazi Kwenye Chungu cha Mama

Mwanangu, kuna siku moja haijanitoka kichwani. Ni siku niliyopika nyama kwenye chungu cha marehemu mama.

Ilikuwa mchana, hapa hapa kijijini Itiryo. Tangu tumzike mama, baba alikuwa hali chakula. Alikunywa uji kidogo, akajilaza. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mifupa ya mabega ilishaanza kuonekana, nikaogopa kwamba tutachimba kaburi la pili.

Nilikuwa nimerudi kutoka kambi ya watalii kule Serengeti, nilikoosha vyombo. Mpishi wa kule alinifundisha mchuzi wa Kithai wa nyama ya ng'ombe: mchaichai, tangawizi, bizari, karanga na tui la nazi, unachemka polepole. Pilipili nikaiacha, maana baba ana vidonda vya tumbo.

Chungu cha mama kilikuwa pembeni, mdomo chini, tangu matanga. Kwetu chungu cha marehemu hakiguswi mpaka mwanamke mkubwa kuliko wote mjini akigeuze. Nililijua hilo. Lakini nilikuwa mwoga wa kusema na watu wazima. Kumwomba Bibi Ghati, mama yake baba na mkubwa wa mji wetu, niliona ni kazi kubwa kuliko kupika. Nikakigeuza mwenyewe, nikatia nyama na tui, nikakibandika mafigani.

Moto uliwaka vizuri. Saa nzima ikapita, tui halikutoa hata povu. Nikagusa nyama: baridi, kama ilivyotoka buchani. Kuku waliokuwa wakidonoa mlangoni wakaondoka wote. Nilipogeuka kuchukua kuni, nyuma yangu mwiko ukagonga ukingo wa chungu. Ko, ko, ko. Mara tatu, kama mama alivyoukung'uta siku zote.

Jikoni nilikuwa peke yangu.

Bibi akatokea mlangoni. "Nani amekigeuza hicho?"

"Mimi, bibi. Shikamoo."

"Shikamoo yako ungeileta asubuhi." Akanusa. "Na hii nazi? Umeolewa Pwani bila kutuambia?" Mdomo ulitania, macho hayakutania. "Mwambie mwenyewe, mama yako. Kwa sauti."

Nikakigeukia chungu. "Mama, nimechukua chungu chako bila hodi. Nampikia baba. Niruhusu."

Bibi akachota mchuzi kidogo, akaumwaga kando ya figa. Kabla hajafuta mkono, chungu kikaanza kuchemka.

Baba alikula na ugali wa mtama, akamaliza, akaomba tena. Kisha akauliza, "Mama yako yuko wapi? Nimemsikia akigonga mwiko. Ndiyo maana nimeamka."

Bibi alisema tu, "Kula, mwanangu."

Basi mwanangu, jifunze mapishi ya kila nchi, hakuna ubaya. Ila aibu isikufunge mdomo ukachukua kimyakimya kitu ambacho ungepewa kwa kuomba. Kuuliza si ujinga. Piga hodi kwa walio hai, na kwa waliotangulia pia, maana jiko lina mwenyewe hata akiwa haonekani.

Mungu akupe kuni kavu na chungu kisichokukataa. Na siku utakapogonga mwiko wako, aliyelala na huzuni aamke, aje ale.