Mtori wa Asubuhi ya Upasuaji

Daktari aliponiambia kwamba rovu langu lazima litolewe, sikuuliza kama kutauma. Niliuliza kama nitaendelea kuongea. Uvimbe ule ulikuwa umekaa shingoni mwangu miaka mingi, nami nikiufunika kwa mtandio. Sasa ulikuwa umeanza kunikaba. Nilikuwa nalala nimeketi, na ugali haushuki mpaka niusukume kwa maji. Daktari hakuzungusha maneno. Mishipa inayoendesha sauti, alisema, imepita hapo hapo nyuma ya tezi. Wataikwepa kwa uangalifu wote, ila kuahidi hawezi.

"Daktari," nikamwambia, "mimi nauza ndizi kwa mdomo."

Na ni kweli. Pale sokoni Moshi tuko wengi, mikungu yetu inafanana, na anayeuza ni mwenye sauti. Mume wangu hudai kwamba akiwa shambani Uru ananisikia nikipatana bei mjini. Mwongo mkubwa yule. Lakini kukosa pumzi nako ni kifo, na mimi sikuzaliwa nife nimeegemea ukuta. Nikaweka saini.

Nikajiandaa. Nilifunga kanga, ndala, beseni, kikombe na sabuni. Ng'ombe nilimkabidhi mume wangu, baada ya kumfundisha upya kukamua, maana yeye hukamua kama anayefua soksi. Ndugu walishuka kuchangia damu, mmoja akazimia kabla hata ya sindano, tukacheka hadi muuguzi akatufukuza. Na pale dirisha la huduma kwa wagonjwa, dada mmoja alinieleza kila kitu polepole: njoo na kadi ya bima, njoo na majibu ya vipimo, utalazwa siku moja kabla, na usiku ukishaingia usile kitu chochote. Nikaitika vizuri kabisa.

Sasa, mtu wa kwetu akiambiwa asile, anajua asile chakula. Mtori tunauweka pengine. Ni ndizi zilizochemshwa na nyama hadi zikalainika, zikapondwa zikawa uji mzito, na kwetu huo ndio unaomsimamisha mzazi kitandani. Mama mkwe wangu ndiye aliyenilea uzazi wangu wote, bakuli baada ya bakuli. Na bakuli la mama mkwe halikataliwi. Ukilisukuma, umemsukuma yeye.

Basi asubuhi ya upasuaji, saa ya kuona wagonjwa, akaingia na chupa ya chai iliyojaa mtori. Alikuwa ametoka mlimani bado giza. "Njaa ndiyo inayoua mgonjwa, si kisu," akasema, akamimina. Nikanywa nikamaliza, nikashukuru.

Muuguzi akaja na gauni la upasuaji. "Mama, umekula chochote?"

"Hapana, dada. Mtori tu."

Alinitazama, akaitazama ile chupa, akashusha pumzi. Akanieleza kwamba ukilazwa usingizi wa dawa na tumbo limejaa, chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na hapo huamki tena. Jina langu likaondolewa siku hiyo. Nikarudi nyumbani na rovu langu, kusubiri nafasi nyingine na kulala nimeketi. Sokoni wakanicheka: kapona kwa mtori! Nilicheka nao, ila moyoni nilikuwa nachemka. Mara mbili nilishtuka usingizini hewa haipiti, na mume wangu akanipiga mgongo huku akilia.

Nafasi ilipopatikana, nikaapa kwamba safari hii naingia. Nilimtuma mume wangu akamwambie mama yake asije asubuhi. Akasema sawa. Lo, mwanaume anayemwogopa mama yake ni wa kutumwa jambo hilo? Alikwenda, akakaa, akanywa chai, akarudi hajasema neno.

Kwa hiyo kulipokucha, mama mkwe huyo hapo, na chupa yake. Akavuta kiti. Akamimina. Mvuke ukapanda, na mimi njaa inaniuma kweli kweli. Akaninyooshea bakuli kwa mikono miwili.

Nikaficha mikono yangu chini ya blanketi. "Mama, leo sinywi."

"Kidogo tu."

"Hata tone. Nikinywa, watanirudisha. Na mimi sirudi nyumbani na kitu hiki, mama. Nimechoka kuogopa kulala."

Mikono yake ilibaki pale hewani. Nadhani tangu niolewe hakuwahi kusikia neno hapana kutoka kwangu. Akaurudisha mtori kwenye chupa, akafunga kifuniko, akaondoka bila kuniaga. Nililia hadi mtandio ukalowa. Nilitamani kumkimbilia. Sikumkimbilia. Muuguzi alipouliza, nilijibu "sijala, sijanywa," nikapanda kitanda cha magurudumu.

Niliamka koo linawaka na shingo imefungwa bendeji. Daktari akasema mambo yamekwenda vizuri, sauti tutaijua nikiongea. Nijaribu neno moja, lolote. Nikatikisa kichwa. Muuguzi akanibembeleza, nikageukia ukutani. Mimi, mwenye mdomo wote huu, niliogopa kufungua kinywa nikute hakuna kitu. Nikajiambia nitajaribu kesho.

Jioni, saa ya kuona wagonjwa, mama mkwe akaingia, kitenge cha kanisani, mikono mitupu. Hakukaa. Alisimama miguuni pa kitanda akinitazama.

Kwetu mdogo ndiye anayeanza. Mkubwa hawezi kuanza, atasimama hapo hadi usiku. Na nikikaa kimya, yeye atajua kitu kimoja tu: kwamba asubuhi nilimkataa yeye, na bado namkataa. Hangejua habari za mishipa. Nikaona anaushika mkoba wake kama anayetaka kuondoka.

Nikameza mate, yakakwaruza kama mchanga. Nikafungua kinywa.

"Shikamoo, mama."

Sauti ilitoka nzito, imepasuka katikati, lakini ilitoka, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Akavuta kiti, akakaa, akanishika mkono. "Rudia. Sijasikia vizuri."

Alikuwa amesikia. Nikarudia.