Jina Lirudi Nyumbani

Ujiji tulipokuwa wadogo, mtoto alifundishwa swali moja kabla hajatumwa dukani peke yake. Mji wetu ni wa kupitiwa na watu. Reli inaishia Kigoma, meli zinatia nanga Kigoma, na wengi walioshuka huko walikuja kwetu kutafuta ndugu, samaki au mahali pa kulala. Basi mtu usiyemjua akikuita, ulisimama mbali ukamwuliza, "Naitwa nani?" Akilijua jina lako, huyo ni wa nyumbani, mfuate. Asipolijua, kimbia. Tulilifanya pia mchezo. Mabaharia walibahatisha majina, nasi tukawazomea, "Siyo! Siyo!" mpaka wakachoka.

Dada yangu alimfundisha binti yake swali hilo kama mama yetu alivyotufundisha sisi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wamesema mengi.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mwimbaji. Babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo, na yeye alijifunza gitaa kwa wajomba zake. Miaka ya mwanzo ya uhuru alikwenda mbali kurekodi, akaenda na mkewe na mtoto, ambaye alikuwa bado ana meno ya utoto. Katika santuri mojawapo anamwita binti yake kwa jina. Gitaa linanyamaza, na mtoto anaitika, "Abee!" Anamwita tena. "Abee, baba!" Maneno mengine ni ya baba yeyote aliye safarini, lakini nchi nzima iliupenda wimbo ule kwa ajili ya hiyo abee.

Idhaa ya redio ilikuwa moja nchi nzima. Wimbo ukipigwa, ulitoka katika kila nyumba yenye redio kwa wakati mmoja. Siku moja nilikuwa natoka sokoni na yule mtoto, amebeba kikapu cha migebuka kichwani. Wimbo ukaanza. Sauti yake ikatufuata njia nzima, ikiitika mlango huu, ikiitika mlango ule, mbele yetu na nyuma yetu. Akasimama.

"Mama mdogo," aliniambia akicheka, "mimi niko huku au niko kule?"

Nilimwambia atembee, samaki wataharibika. 

Wakati ule matajiri na mashabiki walipenda kutajwa kwenye nyimbo. Jioni moja, kwenye dansi Kigoma, mtu mmoja aliyekuja na treni alimfuata shemeji, akamwambia amesafiri safari yote ile ili jina lake liimbwe. Shemeji alikuwa mtu wa mzaha.

"Ndugu yangu, mimi naimba jina la mtu ninayemkumbuka. Wewe umesimama hapa mbele yangu, nitakukumbukaje?"

"Ondoka kwanza, kaka!" mmoja wa wapigaji akadakia. "Potea, ndipo tukukumbuke!"

Watu walicheka, na yule mtu akacheka pamoja nao. Shemeji alitusimulia kesho yake wakati wa chai, nasi pia tulicheka.

Siku hiyo mtoto alikuwa amekwenda Bangwe, ufukweni mwa ziwa, kwa bibi yake mzaa baba. Yaliyotokea huko niliyasikia kwa wanawake waanika dagaa, walioyarudia mbele ya polisi na baadaye mahakamani, kila mara kwa maneno yaleyale. Walikuwa wanageuza dagaa mchangani. Mtu alitokea njia ya juu, akamwita mtoto. Mtoto alisimama mbali, mikono nyuma.

"Naitwa nani?"

Yule mtu akalitaja jina lake.

Mtoto alicheka, akamkimbilia. Wale wanawake walirudi kwenye dagaa zao. Mmoja alisema mahakamani, "Angekuwa mtoto wangu angekimbia. Jina la mwanangu nani analijua?"

Mtoto wetu alipatikana siku iliyofuata kwenye mawe, ng'ambo ya rasi. Wavuvi walimfunika kwa tanga la mtumbwi wakamleta. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwosha, na sitaandika nilichokiona. Yule mtu alikamatwa stesheni, ameketi kwenye benchi kama abiria mwingine. Alihukumiwa. Jina lake silitaji. Alilitaka sana litajwe.

Tulikaa matanga. Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi redio, na majirani walizima zao kwa heshima. Lakini nchi ilikuwa imesikia. Kutoka kila upande watu walituma salamu za rambirambi kwenye kipindi cha salamu, na baada ya salamu kila mmoja aliomba wimbo uleule. Walidhani wanatuliwaza. Mitaa ya mbali ilikuwa haijui kama tuna matanga, au imesahau. Tuko mkekani mchana, upepo wa ziwa unavuma, tunasikia kwa mbali baba anaita. Kisha, "Abee!"

Dada aliinuka mara ya kwanza, akaenda hadi mlangoni. Mara ya pili tulimshika. Baada ya hapo alikaa tu, lakini mabega yake yaliinuka kila mara, kama mama anavyofanya mtoto akiingia uani.

"Mdogo wangu," aliniambia, "nimeshamzika. Nataka jina lake lirudi nyumbani. Liko nje na watu wote, na yeye yuko ardhini bila jina."

Shemeji aliwaomba watu wa redio wimbo usipigwe. Alijibiwa kwa upole kuwa wananchi ndio wanaouomba. Ni kweli, waliuomba. Wasichana wengi waliozaliwa mwaka ule walipewa jina lile. Ukipita sokoni, mama fulani anaita, na kitoto kinaitika nyuma ya vikapu. Dada akaacha kwenda sokoni.

Miaka ikapita. Watu wa milimani walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na wakubwa wakaandaa sikukuu uwanjani Kigoma, ili wanavijiji waje wafurahi. Walimtaka shemeji. Alikuwa hajaimba tangu msiba. Alikubali kwa sharti kwamba wimbo ule haupigwi. Dada alikubali kwenda kwa sharti hilohilo, nami nilikaa kando yake kwenye majani.

Aliimba vizuri. Mwisho watu wakaanza kudai. "Ule! Ule wa mtoto!" Alitikisa kichwa. Walidai zaidi, bila ubaya, wengine wakilia. Naamini hata yeye alichoka kukataa. Akaupiga kwa gitaa tu, bila maneno, na alipofika pale pa jina akanyamaza.

Uwanja mzima ukalitaja. Wanaume, wanawake, watoto wa shule, watu wa vijiji nisivyovijua, wote kwa sauti moja walimwita mtoto wetu. Kisha wakanyamaza, kwa sababu wimbo unanyamaza pale. Jua lilikuwa kali. Nilisikia bendera ikipigwa na upepo. Watu wote wale walikuwa wanasubiri, na ninaapa nami nilisubiri.

"Abee," akaitika dada.

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ndogo, ya furaha, na ilifika mbali kuliko sauti ile ilivyopaswa kufika. Waliokaa karibu yetu walisogea. Mwanamke mmoja alifunika uso wa mtoto wake kwa kanga. Shemeji aliliweka gitaa chini, akashuka, akaja akamshika mkewe mkono. Tulirudi Ujiji kwa miguu. Hakuna aliyetufuata.

Shemeji hakuimba tena. Baada ya siku ile watu waliogopa kuuomba wimbo. Redio ikapata nyimbo nyingine. Wale wasichana wenye jina lile wakakua, wakaolewa, wakaitwa mama fulani. Shemeji alifariki, tukabaki mimi na dada.

Juzi tulikuwa uani tunachagua mchele. Mke wa mjukuu wangu, mgeni katika ukoo, alitusalimu shikamoo, akaona picha ya mtoto ukutani ndani, mlango ukiwa wazi.

"Bibi, huyu mtoto mzuri ni nani?"

"Mwanangu," akajibu dada.

"Wa yule babu aliyekuwa anaimba? Sikujua kama mlikuwa na mtoto. Aliitwa nani?"

Dada alinitazama. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Binti wa watu, amekulia mji huuhuu, naye halijui.

"Kachote maji kwanza, mama," nikamwambia.

Alipotoka, dada aliliita lile jina. Aliliita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemtaka mtoto aje ale. Sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu tumzike. Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza. Mtaani redio ya mtu ilikuwa inasoma habari. Tulisikiliza kwa muda.

Hakuna aliyeitika.

"Haya," akasema dada, akaendelea kuchagua mchele.